Mzee Shibuda Nyuma ya Goli

Watu wote waliokuja kutazama mpira Rusumo walijazana nyuma ya goli la wageni, kwa sababu ndiko mabao yalikotarajiwa. Mzee Shibuda peke yake alikaa nyuma ya goli letu wenyewe, amegeuza ndoo kichwa chini na kuikalia, fimbo ameilaza juu ya magoti. Timu zikibadilishana magoli kipindi cha pili, na yeye aliinuka na ndoo yake, akazunguka uwanja mzima taratibu mpaka awe tena nyuma ya kipa wetu. Ndoo yenyewe ilikuwa yangu, na ndiyo maana nina haki ya kuyaeleza haya.

Mimi naitwa Kankindi. Miaka ile niliipikia timu ya Maporomoko, iliyokuwa ikicheza ligi daraja la kwanza, wachezaji wa mshahara kabisa, wenye jezi za kufanana na basi lililokuwa likisukumwa kila Jumamosi. Mitambo ya umeme pale mtoni ilikuwa bado inajengwa. Mafundi walikuja uwanjani na kofia zao ngumu, madereva wa malori waliokuwa wakisubiri karatasi za forodha walipanda juu ya mizigo yao wakatazama bure, na hakuna aliyewafukuza kwa kuwa walinunua chai. Ukiniuliza mimi, mji huu haujawahi kuwa na sauti nzuri kama ile ya saa kumi ya Jumamosi. Siku hizi malori yanapita moja kwa moja, na mimi napikia watu wanaokula huku wanatazama simu.

Mzee Shibuda hakuwa mtu wa mpira. Alikuwa Msukuma wa upande wa Shinyanga, aliyehamia Biharamulo akiwa kijana, na mke mmoja, plau moja na maksai wanne, akafungua shamba porini karibu na Nyakahura. Kazi iliyompa jina ni kufundisha maksai wa watu. Unampelekea ndama wawili wakorofi, unarudi baada ya msimu unakuta wanavuta plau kama wamezaliwa nayo shingoni. Mkewe alipofariki, vijana wake wakagawana ng'ombe, na binti yake Happyness, aliyeolewa na wakala wa forodha hapa Rusumo, akamchukua akae naye. Nyumba nzuri, sakafu ya vigae, runinga ukutani. Ng'ombe hakuna hata mmoja. Mzee akawa anatembea mjini kama mtu aliyesahau alikotumwa, mpaka siku alipofuata kelele za watu akatokea jikoni kwangu.

"Mayu, habari za kazi." Mayu ni mama kwa Kisukuma, na yeye aliwaita hivyo wanawake wote, hata wasichana wangu wa kuosha vyombo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Naomba kitu cha kukalia."

"Mabenchi yako kule mbele, waliko wanaume wenzako."

"Kule mbele sioni."

"Macho yanasumbua?"

"Macho mazima. Ninyi ndio mnakaa mahali pabaya."

Nikampa ndoo ili aondoke. Jumamosi iliyofuata akarudi kuiomba tena, na iliyofuata, mpaka nikaacha kuiwekea maji.

Siku moja nilimpelekea chai kule nyuma ya goli, na kwa kuwa sipendi kukaa na swali mdomoni, nikamuuliza anatazama nini huku mpira uko upande wa pili.

"Mayu, mimi miaka arobaini nimetazama kazi kutoka nyuma," akasema. "Maksai humjui kwa kumtazama usoni. Usoni wote wana huzuni. Mfuate nyuma, utaona mnyororo wa nani umekaza na wa nani umelegea."

"Hawa hawana mnyororo."

"Wanao. Tazama mabeki wa wageni, wametugeukia sisi. Yule akienda, nani anamfuata? Huo ndio mnyororo."

Nilitazama. Sikuona kitu zaidi ya vijana wanaokimbia, nikarudi kwenye maharage yangu.

Sasa niwaeleze hao washambuliaji, kwa maana shida yote ilianzia kwao. Walikuwa watatu. Kulia alikuwa Abeli, mtoto wa dada yangu, mfupi, mwepesi, mwenye mabao saba kabla ya Krismasi, na sitaficha kwamba nilikuwa nampa mnofu. Kushoto alikuwa Elick, mwenye mbio kama mtu aliyeiba. Katikati alikuwa Celestini wa Mabawe, mrefu, mkimya, mabega kama mlango, na hakuwa na bao hata moja. Celestini alikula sahani mbili za ugali na kunishukuru kwa kila sahani, na mimi nilimwita gunia. Nilimwita mbele ya watu, naye alicheka. Baadaye nikaanza kumpunguzia ugali, nikiona kwamba timu inapoteza unga. Darasa la saba langu lilinitosha kuona kwamba saba ni zaidi ya sifuri.

Mwenyekiti wa timu, Jeremia, mwenye duka la vipuri, naye aliona hivyo hivyo. Tangu Novemba timu ilikuwa inafungwa na kutoka sare, dirisha dogo la usajili lilikuwa linakaribia, na mshahara wa kumleta mtu mpya haukuwepo mpaka mmoja wa wale watatu aachwe. Mashabiki walishamchagua wa kuachwa. Celestini akigusa mpira walimlilia kama ng'ombe, mooo, uwanja mzima.

Kocha Gidioni ndiye aliyesita. Kocha huyu alikuwa ameshamsikiliza mzee mara moja. Mzee alimwendea mazoezini akamwambia kwamba Elick anachezeshwa upande usio wake, kwa maana maksai aliyezoea kushoto ukimfunga kulia atakanyaga mwenzake siku nzima. Gidioni akamrudisha Elick kushoto, na Jumamosi hiyo Elick akapiga krosi tatu, mbili Abeli akazifunga. Basi Gidioni akamwambia mwenyekiti, huyu mzee ana jicho, tumpe mechi tatu aipime safu ya mbele, kisha atuambie nani anaivuta na nani aondoke. Jeremia alicheka, lakini akakubali, kwa sababu akikosea mzee, lawama haitakuwa yake.

Mzee akaja jikoni siku ya mechi ya kwanza, mimi nachambua maharage kwenye ungo.

"Mayu, nipe ya njano, nyekundu na ya madoa."

"Unaenda kupika?"

"Naenda kuhesabu. Njano Abeli. Nyekundu Elick. Madoa ni yule mkubwa. Kila beki wa wageni akiacha mahali pake kumfuata mmoja wao, natia punje moja mfuko huu."

Alifanya hivyo mechi tatu. Nilikuwa namwona kwa mbali, mkono unaingia mfuko wa kushoto wa koti, unatoka, unaingia wa kulia, kama mtu anayetafuta ufunguo. Baada ya mechi ya tatu alikuja akafungua leso yake juu ya meza yangu, jua bado liko juu, wachezaji wanaoga.

"Hesabu wewe, umesoma."

Nikahesabu. Njano kumi na moja. Nyekundu kumi na tisa. Za madoa sitini na nne.

Nikahesabu tena, kwa maana sikupenda nilichokiona. Mzee alikunywa chai yake, hakuniharakisha.

"Kwa hiyo Abeli wangu hafai," nikasema.

"Nani kasema? Abeli anafunga. Lakini anafunga kwa sababu mabeki wawili wako mgongoni kwa yule mkubwa, na mlango umebaki wazi. Shamba likilimwa vibaya, mtu asiyejua anampiga fimbo maksai anayekwenda taratibu ameinamisha kichwa. Kumbe huyo ndiye anayevuta, wenzake wanatembea naye tu. Ukimtoa, plau inasimama."

Aliifunga leso fundo mbili. "Usimwambie mtu mpaka kikao," akasema. Sikumwambia mtu.

Kikao kilikuwa Jumapili baada ya kanisa, chini ya paa la jikoni langu, kwa kuwa timu haikuwa na ofisi nyingine. Walikuwepo Jeremia na daftari lake, kocha Gidioni, na wajumbe watatu ambao kazi yao ilikuwa kula. Na alikuwepo mgeni mmoja, kiongozi wa timu nyingine ya daraja letu, mtu wa Kahama, amekuja kupanga mechi ya kirafiki. Alivaa viatu vyeupe kwenye vumbi la Rusumo, na bado vilikuwa vyeupe.

Mzee Shibuda alifika, akamwona, akanisogelea kwenye jiko.

"Yule ni nani?"

"Anatoka timu ya Kahama."

"Anatafuta nini?"

"Anasema mechi ya kirafiki. Lakini mtu wa viatu vile huwa anatafuta wachezaji."

Mzee alikuwa ameshaitoa leso. Akairudisha mfukoni.

Jeremia akafungua daftari. "Haya mzee wetu. Umetazama mechi tatu. Tuambie."

Mzee akakohoa. "Huyu wa kulia ni mzuri sana. Mwenye kumtaka amchukue mapema. Huyu wa kushoto naye mzuri, mbio anazo, mtu hatajuta."

"Na Celestini?"

"Aa, yule." Mzee akatikisa kichwa kama mtu anayezungumzia ugonjwa. "Miguu mizito. Pumzi yake siipendi. Na anakula. Muulizeni mayu hapo."

Wote wakanigeukia, birika mkononi. Mimi nilikuwa nimezihesabu zile punje kwa vidole vyangu, mara mbili. Nilijua mzee anasema kinyume cha alichoniambia, na sikujua kwa nini anasema hivyo, lakini nilijua kwamba kinamfaa mtoto wa dada yangu.

"Sahani mbili," nikasema.

Wajumbe wakacheka. Jeremia akaandika. Kocha Gidioni alitaka kusema neno, akamtazama mzee, akainamia chai yake. Yule mgeni wa viatu vyeupe hakucheka. Alimtazama mzee muda mrefu, kisha wakati wa kuagana akamwambia kitu kwa Kisukuma, na mzee akajibu huku amekunja uso.

Siku mbili baadaye karatasi ilibandikwa kwenye ukuta wa duka la Jeremia, na Celestini alikuwa ameachwa. Alikuja jikoni kurudisha sahani. Kila mchezaji alikuwa na sahani yake ya bati yenye jina kwa rangi nyekundu, na yake ilikuwa imeoshwa vizuri kuliko mimi ninavyoosha.

"Mama, asante kwa chakula," akasema.

Nilimjibu "haya baba", na nikajifanya moto unanitoa machozi. Moto ulikuwa bado haujawashwa.

Jumamosi mzee akaja, akachukua ndoo, akaenda kukaa. Dakika kumi hazijaisha akarudi.

"Mayu, yule mkubwa anaumwa?"

"Ameachwa."

"Ameachwa na nani?"

"Na wewe, mzee. Ulisema miguu mizito, pumzi huipendi. Jeremia kaandika."

Alinitazama kama vile ni mimi niliyekuwa nazungumza Kisukuma, na yeye hakijui.

"Lakini mnunuzi alikuwa amekaa pale," akasema.

"Sasa?"

"Sasa mtu gani anamsifu maksai wake bora mbele ya mnunuzi?"

Ndipo akanieleza, na mimi nikaweka mwiko chini. Kwao, mnadani, hata mtoto anayeanza kuchunga anajua hili. Mgeni akisimama zizini kwako, yule usiyetaka aondoke unamponda. Unasema anakohoa, ni mkorofi, kwato zimeoza. Yule ambaye hata akiondoka hutalia, huyo unamsifu. Ndugu zako wote waliosimama pale wanajua maana yake, wanaitikia, wanaongeza na kasoro nyingine. Mgeni akienda ndipo mnazungumza ukweli.

"Na wewe ulipoitikia sahani mbili," akasema, "nikajua mmenielewa wote."

Nilimwambia kwamba sisi Wahangaza wa huku Ngara, na watu wote wa kile kikao, mtu akisema pumzi mbaya tunaandika pumzi mbaya. Sikumwambia sababu iliyonifanya mimi niitikie. Niliikalia moyoni miezi miwili.

"Na yule mgeni alikwambia nini kwa Kisukuma?"

Mzee akakaa kwenye gunia la mkaa. "Alisema, mzee umemsema sana yule mkubwa, inaonekana unampenda. Nikamjibu aende zake."

Wiki hiyo hiyo yule wa viatu vyeupe alimsajili Celestini. Katika watu wote waliokaa chini ya paa langu, mmoja tu ndiye aliyemsikia mzee alivyokusudia, na hakuwa wa kwetu. Mzee alikwenda dukani kwa Jeremia kueleza. Jeremia alimsomea daftari neno kwa neno, akamwambia dirisha limefungwa, na kwamba timu si mnada.

Timu haikuwa mnada, lakini plau ilisimama. Abeli alimaliza Januari na Februari bila bao. Mpira ukimfikia, mabeki watatu wako naye, wametulia, kwa kuwa yule mpya aliyeletwa katikati hawashughulishi. Mashabiki wakaanza kumlilia yeye mooo. Alikuja jikoni akasukuma sahani yake, akaniuliza, "Mama mdogo, kwani mimi nimebadilika nini?" Nikamwongezea mnofu, mimi ambaye nina la kumwambia kila mtu.

Mzee naye alipungua. Alikuja, alikaa kwenye ndoo, lakini mifuko ilikuwa mitupu. Kilichomuuma hakikuwa jina lake. Dereva mmoja wa pikipiki alikuwa amemletea habari kwamba Mabawe nzima inasema Celestini alifukuzwa Rusumo kwa uvivu na ulafi, ushahidi wa mzee mmoja wa Kisukuma, na mama yake hawezi kutoka kanisani bila kuulizwa.

"Huyo mama anajua Kiswahili?" akaniuliza.

"Cha sokoni. Kihangaza ndiyo lugha yake."

"Basi utanitafsiria. Kesho."

Tulipanda gari mpaka Ngara mjini, kisha pikipiki mbili mpaka Mabawe, mzee ameshika fimbo yake kama bendera. Mama Celestini, Nahimana kwa jina, alikuwa uani anaanika kahawa, mwanamke mwembamba, kitambaa kimefungwa kwa nguvu kichwani. Alitupa vigoda, akatupa maji, akasubiri. Mzee hakuzunguka.

"Mwambie mimi ndiye niliyesema."

Nikatafsiri. Nahimana akaendelea kutandaza kahawa.

"Mwambie mwanawe ndiye aliyekuwa anavuta. Wale wengine walikuwa wanatembea naye. Mwambie nilimponda kwa kuwa nilimtaka abaki, na kwetu ndivyo tunavyofanya, na sikuuliza kama kwenu ni hivyo."

Nikatafsiri, na haikuwa rahisi. Kila sifa ilibidi ipite kinywani mwangu, kinywa kile kile kilichomwita gunia. Miguu yake inajua pa kusimama. Pumzi yake haiishi. Ana moyo wa kufanya kazi asiyosifiwa. Mzee alisema pole pole, na mimi sikuruka hata neno.

Nahimana akanyoosha mgongo. "Na aliyesema sahani mbili?" akaniuliza kwa Kihangaza. "Mwanangu aliniambia kulikuwa na mpishi."

"Ndiye mimi."

"Ulijua ni uongo?"

"Nilijua. Abeli ni mtoto wa dada yangu."

Mzee akauliza mama anasema nini, nami nikamtafsiria hilo pia, lote, na leo hii sijasahau jinsi mzee alivyogeuza uso akatazama migomba. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Kisha akafungua leso, akamimina zile punje za madoa kwenye ungo wa Nahimana. Nikaeleza kila moja ni nini.

"Kwa hiyo hii ni beki," Nahimana akasema, ameishika moja.

"Ni beki aliyeacha kazi yake kwa ajili ya mwanao."

Alizisambaza kwa kiganja, akazitazama kwa makini ya mtu anayechagua mbegu. Akatoa mbili, akazitupa kwa kuku. "Hizi zimetobolewa na wadudu."

Nikatafsiri. "Ana haki," mzee akasema. "Zibaki sitini na mbili."

Hapo Nahimana akacheka kidogo, mara ya kwanza. Lakini alipotusindikiza njiani alisimama akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, bila kunipitia mimi, "Mzee, ulisema mbaya mbele ya watu. Hii nzuri umesema mbele ya kuku. Bado."

Mwezi wa tatu timu ya viatu vyeupe ilikuja Rusumo kwa mechi ya marudiano, na Celestini amevaa jezi ya bluu. Watu walijaa kuliko siku zote. Jeremia alikuwa na mipango. Alikuwa amemsogeza kiongozi wa viatu vyeupe pembeni tangu asubuhi, kwa soda na nyama choma, akitaka wamrudishie Celestini msimu ujao kwa bei ya kindugu. Na alikuwa amejifunza, huyo Jeremia. Alipita kwa kila mmoja wetu akinong'ona, "Leo hakuna kumsifu Celestini. Tuseme amenenepa."

Mzee alikaa mahali pake, nyuma ya kipa wetu. Nilimpelekea chai, na nikabaki, kitu ambacho sikuwahi kufanya.

"Leo namwona usoni," akasema. "Anakuja upande huu."

"Anaonekanaje?"

"Ana huzuni kama wote."

Walitufunga moja bila. Hakufunga Celestini. Alikimbia kuelekea kwenye kona ya goli bila mpira, mabeki wetu wawili wakamfuata kama wamefungwa kwake kwa kamba, na mfupi mmoja nisiyemjua jina akapita pale palipobaki wazi akapiga. Safari hii niliuona mnyororo, mimi na darasa la saba langu, kutoka mahali pazuri pa kuonea. Mzee alitia mkono mfuko wa kushoto, hamna kitu, akacheka peke yake.

Mpira ulipokwisha watu waliingia uwanjani kama kawaida. Mzee akainuka, akabeba ndoo mpaka katikati, akaigeuza na kusimama juu yake, nikamshika koti asianguke. Celestini alikuwa hapo, jasho linamtoka, na viatu vyeupe naye, na Jeremia, na mafundi na madereva.

"Shikamoo mzee," Celestini akasema.

"Marahaba. Subiri." Akapaza sauti. "Watu wa Rusumo. Mwezi wa kumi na mbili nilisema huyu ana miguu mizito."

Jeremia alikwisha kuelewa. Akaja mbio akamvuta mkono. "Mzee, shuka. Mzee, tunamnunua huyu, unatupandishia bei. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha."

"Najua," mzee akasema. "Nilisema uongo. Hakuna mshambuliaji katika daraja hili anayevuta kama huyu. Mabeki sitini na nne katika mechi tatu, nilihesabu, na mayu huyu alihesabu. Ninyi mlimlilia kama ng'ombe. Ng'ombe mzuri mlikuwa naye, hamkumwona kwa sababu mnakaa mbele."

Nikaona hata mimi nina deni la maneno. "Na unga hakuwahi kuumaliza," nikasema. "Ugali wake nilikuwa naupunguza."

Watu walicheka, Celestini akiwa wa kwanza. Viatu vyeupe alikuwa ameshika kiuno, anatikisa kichwa, mtu wa mnadani aliyeona jambo ambalo hakuwahi kuliona tangu azaliwe. Jeremia alikuwa ameketi chini kwenye nyasi.

Hakumpata, bila shaka. Bei ilipanda siku ile ile, na mwaka uliofuata Celestini alikwenda juu zaidi, kwenye timu zinazopanda ndege. Kabla basi lao halijaondoka alikuja jikoni, nikamtolea sahani yake ya bati, sikuwahi kufuta jina. Alikula mbili. Nilimwongezea ya tatu, akaniambia, "Mama, sasa unataka kuniua."

Maporomoko ilishuka daraja, kisha ikauzwa, kisha ikahamishiwa mji mwingine na kupewa jina lingine. Abeli anaendesha lori, anapita hapa mara mbili kwa mwezi, anakula mnofu wake. Mzee Shibuda alizikwa Nyakahura mwaka juzi, na waliombeba walikuwa wengi kuliko nilivyodhani, nusu yao watu ambao aliwafundishia maksai. Nahimana alikuja kutoka Mabawe na mfuko wa maharage ya madoa, debe zima, akanipa jikoni kule msibani. Alikuwa amezipanda zile sitini na mbili, na msimu baada ya msimu hakuchanganya na mbegu nyingine.

"Hizi sasa unaweza kupika," akaniambia.

Nimepika nusu. Nusu nyingine imo ndani ya ile ndoo, imefunikwa, na mteja akikosa mahali pa kukaa namwambia asimame.